Kopitiam ya chini ya nyumba: anza na wali wa nazi

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Mbeya, niko Petaling Jaya, Malaysia, kwa mafunzo ya miezi sita. Chini ya jengo tunalokaa kuna mgahawa wa Wachina wanaouita kopitiam, asubuhi unajaa watu kweli kweli. Nimepita mlangoni mara nyingi, naogopa kuingia. Sijui wanaagizaje, kila kibanda kina jina lake, na pilipili inanishinda. Ninayekaa naye chumba kimoja ni Mwislamu wa Pemba, naye anauliza kama anaweza kula humo. Mpaka sasa tunakula mkate na mayai chumbani. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana limenirudisha mbali. Mimi ni mpishi wa Tanga. Nilikaa Malaysia miaka sita, minne Penang na miwili huko huko Petaling Jaya uliko, na siku ya kwanza nilipoingia kopitiam nilikaa mezani zaidi ya nusu saa nikingoja mtu aje kuniuliza ninakula nini. Alikuja mzee mmoja, akauliza kinywaji, akaleta, akaenda zake. Nilimaliza kahawa nikatoka na njaa, nikidhani nimedharauliwa. Haikuwa hivyo. Nilikuwa sijajua kwamba nyumba ile ina wenyewe wengi.

Hilo ndilo la kwanza kulijua, na ukishalijua mengine yanalainika. Neno lenyewe limeunganishwa kutoka lugha mbili: kopi ni kahawa kwa Kimalay, tiam ni duka kwa Kihokkien, lugha ya Wachina waliotoka Fujian. Mwenye duka anauza vinywaji, na mara nyingi mkate wa kubanika na mayai, basi. Vibanda vilivyozunguka ukumbi amewakodisha wengine: huyu anakaanga tambi, yule anauza wali na kuku, wa tatu ana supu. Kila mmoja ana jiko lake na mfuko wake wa pesa.

Kwa hiyo unafanya hivi. Tafuta kiti, hata kama meza ina watu. Omba kwa ishara, ukae. Kushiriki meza na usiowajua ni jambo la kila siku pale. Tazama kama meza ina namba. Kisha nenda mwenyewe kwenye kibanda ulichokipenda, sema unachotaka na meza uliyopo, urudi kukaa. Wa vinywaji atakufuata. Usikose kuagiza kitu kwake, hata chai kavu, kwa sababu kinywaji ndicho kinachomlipa kodi ya kiti ulichokalia. Chakula kikija, unamlipa aliyekileta papo hapo, na kinywaji vivyo hivyo. Beba noti ndogo ndogo. Siku hizi vibanda vingi vinapokea malipo kwa simu, lakini mama mzee mwenye tambi nzuri kuliko wote huenda anapokea taslimu tu. Bakshishi haitegemewi. Kahawa ya mtaani huwa ringgit 2 au 3 na kitu, sahani ya tambi mara nyingi haizidi 12, kwa hiyo hata ukikosea kuagiza hujaumia.

Nenda asubuhi, saa moja au saa mbili. Saa nane mchana vibanda vingi vimeshafunga, na jioni unaweza kukuta wapishi wengine kabisa wamekaa pale pale.

Sasa la mwenzako wa Pemba. Nalijibu mapema kwa sababu ndilo litakaloamua mnakula wapi mkiwa pamoja. Kopitiam ya Wachina kwa kawaida si halali. Nyama ya nguruwe, hiyo mnayoiita kitimoto, iko karibu kila kibanda, na hata pale isipoonekana, mafuta yake yamo kwenye karai. Kuna mitego ambayo mgeni haioni. Penang kuna supu ya tambi na kamba iitwayo Hokkien mee. Ukiitazama unaona kamba tu juu yake, kumbe mchuzi umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe pamoja na vichwa vya kamba. Kibanda cha wali na kuku mara nyingi kinaning'iniza nguruwe wa kuchoma ubavuni mwa kuku, na kisu ni kimoja. Vile vifurushi vya unga vinavyoelea kwenye supu, wantan, ndani huwa na nguruwe wa kusaga. Akisikia neno babi, ni nguruwe kwa Kimalay. Akisikia bak kwenye jina la chakula cha Kihokkien, ni nyama, na nyama kwao bila kutajwa zaidi ni nguruwe.

Vipo vibao vinavyosema humu hakuna nguruwe wala mafuta yake. Kibao hicho si cheti cha halali. Kuku huenda hakuchinjwa kwa sheria, na mvinyo wa kupikia unaweza kuwemo. Cheti kinatolewa na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, na nembo yake ya duara inabandikwa ukutani au mlangoni. Migahawa midogo ya Wamalay mingi haina cheti lakini wenyewe ni Waislamu na wenyeji wanakula humo bila wasiwasi. Basi mwenzako asile hapo chini mpaka aone nembo, na usimshawishi kwamba samaki au mboga haina neno, maana karai ni lile lile. Kuna kopitiam za halali kabisa, nyingi zikiwa za mtindo mpya zilizoko kwenye majengo ya maduka, zenye kahawa ile ile, mkate ule ule na mayai. Na huko Kota Bharu, jimbo la Kelantan, kuna kopitiam ambazo asubuhi zimejaa Wamalay watupu. Kwa hiyo asidhani kopitiam yenyewe imemfungia mlango. Aangalie ni ya nani.

Haya, chakula.

Anza na nasi lemak. Nasi ni wali. Lemak ni mafuta, ule utamu mzito wa tui. Ni wali wa nazi, mwanangu. Mwenzako akifungua lile jani la mgomba na kunusa atajua yuko wapi. Wanatia majani ya pandani kwenye sufuria, mmea wa ukoo mmoja na mkadi wetu wa pwani, ule ambao maua yake kina mama huyafungia vikuba. Pandani yao hunukia kwenye jani badala ya ua. Na wewe wa Mbeya harufu hiyo unaijua bila kujua: ni jirani wa karibu sana wa mchele wa Kyela unapochemka. Kinachoupa mchele wa kunukia harufu yake ndicho hicho hicho kilichomo ndani ya jani la pandani, na ndiyo sababu mpishi wa kule akipata mchele wa kawaida, akautia jani hilo, unanukia kama mchele wa bei kubwa.

Pembeni ya wali wanaweka dagaa wa bahari waliokaangwa mpaka wakakakamaa, ndugu wa dagaa mchele wa Unguja, halafu karanga, vipande vya tango na yai la kuchemsha. Katikati kuna sambal. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sambal ndiyo inayotenganisha nasi lemak ya kukumbuka na ya kushibisha tu, na ndiyo hiyo pilipili unayoiogopa.

Sambal inaanza na pilipili kavu zilizorowekwa zikatolewa mbegu, zikasagwa na vitunguu. Inaongezwa belacan: kamba wadogo sana waliotiwa chumvi, wakachachuka, wakapondwa na kukaushwa kama matofali. Belacan mbichi ina harufu kali inayoweza kumfukuza mtu jikoni. Ikishapita motoni inatoa ladha nzito ya bahari ambayo ukiikosa unasema chakula hakina chumvi, kumbe chumvi ipo. Vyote vinakaangwa kwa mafuta mengi na moto mdogo, muda mrefu, mpaka mafuta yajitenge. Wao wanasema pecah minyak, mafuta yamepasuka. Sisi Tanga tunasema mafuta yameelea, na ni kipimo kile kile cha rosti iliyoiva. Ndipo zinaingia sukari na ukwaju.

Kwa hiyo kabla hujanunua, itazame. Sambal iliyoiva ni nyekundu iliyokwenda kwenye udongo, inang'aa, ina mafuta kandokando. Ikiwa nyekundu ya kupiga kelele na majimaji, haijakaangwa vya kutosha, na hiyo ndiyo inayounguza koo na kusumbua tumbo. Iliyoiva inaanza na utamu, ukali unafuata polepole. Watu wengi walioniambia hawawezi chakula cha Malaysia walionja sambal mbichi siku ya kwanza wakakata tamaa.

Nunua kifurushi kidogo kwanza, kile cha jani la mgomba na gazeti, kinachouzwa ringgit chache. Usichanganye. Chota wali, gusa sambal kwa ncha ya kijiko, fuatisha dagaa na tango. Ukiagiza ya sahani, sema sambal asing, yaani sambal ikae peke yake. Kwa vyakula vingine, kurang pedas ni punguza pilipili, tak nak pedas ni sitaki kabisa. Ukizidiwa, usikimbilie maji. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unausambaza tu mdomoni. Kunywa kitu chenye maziwa, au tafuna wali mtupu. Na jambo moja la kushika kwa uzito: kama kati yenu kuna mwenye mzio wa kamba, belacan imo kila mahali, kwenye mboga, kwenye kachumbari, hata kwenye mchuzi unaoonekana wa mboga tupu. Mzio wa karanga ni hivyo hivyo. Ulizeni kila kibanda, kila siku.

Kinywaji sasa, maana mzee atakuja na hatakupa muda wa kufikiri.

Ukisema kopi tu, utaletewa kahawa yenye maziwa ya kopo yale mazito ya sukari, yametulia chini ya kikombe kama asali. Koroga mwenyewe kadiri upendavyo. Kopi-O ni kahawa kavu, yaani bila maziwa, yenye sukari. Kopi-O kosong ni kavu bila sukari. Kosong ni tupu. Kopi-C ni ya maziwa ya kopo yasiyo na sukari, na sukari inatiwa pembeni. Badilisha kopi uweke teh, sheria ni ile ile: teh, teh-O, teh-C. Ukiongeza ais, inakuja na barafu. Kurang manis, punguza utamu. Na cham ni kahawa na chai zilizochanganywa kikombe kimoja. Nilidhani ni kosa la mhudumu, nikaonja, na kwa miaka miwili ya Petaling Jaya sikunywa kingine asubuhi.

Kahawa yenyewe si kama yetu. Hapa Tanga tumezoea kahawa chungu ya kikombe kidogo na kashata pembeni. Kule buni hukaangwa pamoja na sukari na majarini, inatoka nyeusi tititi, inang'aa, ina harufu ya sukari iliyoungua. Inachujwa kwenye mfuko mrefu wa kitambaa uliojaa rangi ya miaka, kwenye birika lenye mdomo mrefu. Mji wa Ipoh una kahawa wanayoiita nyeupe. Weupe huo ni wa ukaangaji: wanatia majarini bila sukari, buni haiwi nyeusi sana, na kahawa inakuwa laini zaidi. Kama kahawa ya kawaida inakushinda kwa uchungu, anza na ya Ipoh. Utaona wazee wakimimina kahawa kwenye kisahani ipoe, wanapuliza, wanakunywa kutoka kwenye kisahani. Mara ya kwanza nilipoiona nilimkumbuka babu yangu barazani.

Pamoja na kahawa agiza mkate wa kubanika wenye kaya na siagi. Kaya ni mayai, tui, sukari na pandani, vimekorogwa juu ya moto mdogo muda mrefu mpaka vikaganda kama jemu. Siagi inawekwa ya baridi, kipande kinene, isiyeyuke yote kabla hujauma. Yanaletwa na mayai mawili ambayo hayakuiva, yamelegea. Unayavunja kwenye kisahani, unatia sosi ya soya na pilipili manga nyeupe, unakunywa kwa kijiko. Mayai hayo sikuyapenda mwaka wa kwanza, na tumbo likiwa bado geni ni bora uombe yaliyoiva.

Utajiuliza mkate wa siagi na mayai vimefikaje kwenye duka la Kichina. Vimeletwa na watu wa Hainan, kisiwa cha kusini mwa China. Wao walifika Malaya nyuma ya wenzao, wakakuta biashara nyingi zimeshashikwa na Wahokkien na Wakantoni. Waliobahatika wakaajiriwa majumbani kwa Waingereza na kwenye meli kama wapishi. Humo walijifunza mkate, siagi, chai ya maziwa, nyama ya kukaanga na chenga za mkate. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya miaka ya 1930 na ajira za majumbani zikapungua, wengi walikusanya akiba wakafungua maduka ya kahawa. Kwa hiyo unapokula mkate wa kaya unakula kifungua kinywa cha Mwingereza kilichopita mikononi mwa mpishi aliyeweka nazi na jani la pandani mahali pa jemu. Mimi kama mpishi namheshimu sana mtu huyo ambaye hatumjui jina.

Ukishazoea siku tatu nne, nenda kwenye karai. Hapa nasema na wewe wa Mbeya peke yako, kama kitimoto si tatizo kwako. Char kway teow ni tambi pana za mchele zilizokaangwa kwa moto mkali mno pamoja na kamba, yai, choroko zilizochipua, majani ya vitunguu, soseji ya Kichina na kombe, wale viumbe wa bahari wenye gamba. Tafuta anayekaanga sahani moja moja. Akijaza karai sahani tano kwa pamoja, joto linashuka, tambi zinachemka kwenye maji yake badala ya kukaangika, na unakosa ile harufu ya moshi ambayo ndiyo chakula chenyewe. Foleni ndefu mbele ya mpishi wa namna hiyo isikukatishe tamaa, ni kwa sababu hataki kuharakisha. Kombe hutiwa mwishoni wakiwa karibu wabichi, na kombe wabichi wanabeba magonjwa ya tumbo na ya ini. Wenyeji wengi wanawapenda hivyo hivyo. Mimi ningekushauri useme tak nak kerang, sitaki kombe, na sahani haitapungua sifa.

Wali na kuku wa Kihainan sina haja ya kukueleza sana: kuku wa kuchemsha au kuchoma, wali uliopikwa kwa supu yake, tangawizi na pilipili pembeni. Ni chakula cha kupumzikia siku ulimi umechoka. Siku ambayo pesa ni ndogo nenda kwenye meza ndefu ya wali na vitoweo vingi, unajipakulia, mwenye meza anatazama sahani yako kwa jicho anataja bei. Wanaoongeza vipande viwili vya samaki bila kujua ndio wanaoshtuka. Mboga mbili na kitoweo kimoja ni bei ya mwanafunzi.

Laksa niliiacha makusudi mpaka hapa. Jina ni moja, vyakula ni vingi. Huko Petaling Jaya ukisema laksa watadhani ya kari, mchuzi wa tui na viungo, mzito, mwekundu, ambao mtu wa pwani anauelewa mara moja. Sarawak wana yao. Johor wanatumia spageti. Na Penang, nilikokaa, laksa haina tui hata tone.

Hiyo ya Penang, asam laksa, ndiyo niliyoipenda kuliko chakula chochote cha nchi ile. Inapikwa kwa vibua. Ndiyo, vibua wale wale wanaouzwa kwa fungu sokoni Deep Sea, Tanga. Wanachemshwa, wanatolewa miiba kwa mkono mmoja mmoja, nyama inarudishwa kwenye mchuzi pamoja na ukwaju, mchaichai, pilipili na chipukizi la ua la mmea wa jamii ya tangawizi waliouita bunga kantan, lenye harufu ambayo sina mfano wake huku kwetu. Mchuzi unamwagwa juu ya tambi nene nyeupe za mchele, unapambwa na nanasi, tango, vitunguu vibichi na nanaa. Mwisho kijiko cha hae ko, uji mweusi mzito wa kamba, mtamu na wa chumvi kwa pamoja, kinawekwa kwenye kijiko pembeni ya bakuli.

Onja mchuzi kabla hujakoroga ule uji mweusi. Utakutana na uchachu kwanza, halafu samaki. Kisha koroga kidogo kidogo, uone unavyobadilika. Ukikoroga wote mara moja hutajua kilichobadilika ni nini. Watu wa kwetu wanaokutana nayo siku ya kwanza wengi huiacha nusu: samaki, uchachu, nanasi na nanaa bakuli moja, asubuhi, ni mengi. Ndiyo maana nasema iache mpaka wiki ya tatu. Aliyekulia kwenye mchuzi wa samaki wa ukwaju atafika haraka zaidi, na mwenzako wa Pemba ana haki zote za kuila: imejengwa kwa samaki, na wapo wauzaji Waislamu wengi wanaoipika. Atafute kwao.

Na hilo linanileta kwenye mahali mtakapokaa wawili. Vuka barabara uende kwa mamak, migahawa ya Waislamu wa asili ya Kitamil, mingi iko wazi usiku kucha. Huko mtaagiza kwa mhudumu mezani kama tulivyozoea, na mwisho mnasema kira, piga hesabu. Agizeni roti canai. Ni ndugu ya chapati yetu ya kusokota, ila hawatumii kibao wala mti wa kusukumia: donge limelala kwenye mafuta saa kadhaa, mpishi analirusha hewani na kulipiga mezani mpaka linakuwa jembamba kama kanga, analikunja, analibandika. Inakuja na dengu na mchuzi wa samaki; toweeni kwa mkono wa kulia. Teh tarik ni chai ya maziwa inayomiminwa kutoka kopo hadi kopo kwa mkono ulionyooka mpaka inatoa povu, inapoa na kulainika. Na nasi kandar ni wali wenye michuzi kadhaa iliyomwagwa juu kwa pamoja. Kandar ni mzega, kwa sababu wauzaji wa mwanzo wa Penang walitembea na wali upande mmoja wa mti na vitoweo upande mwingine, begani. Omba michuzi ichanganywe. Hapo, kinyume na nilivyokuambia kwenye laksa, kuchanganya ndiyo maana ya sahani.

Desemba 2024 UNESCO iliingiza utamaduni wa kifungua kinywa wa Malaysia kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu, na vilivyotajwa ni hivyo hivyo: nasi lemak, roti canai, teh tarik. Kilichotambuliwa ni chakula pamoja na ile hali ya watu wa asili mbalimbali kukaa mahali pamoja asubuhi. Nimeiona kwa miaka sita, na najua pia kwamba si kila meza inaweza kumkalisha kila mtu. Wenyewe wanajua nani anakula wapi, na wanapangana bila kuumizana. Marafiki zangu Wamalay hawakuingia kopitiam fulani, wala mwenye kopitiam hakununa. Walikutana kwa mamak jioni.

Maneno machache ya mdomoni. Ukimkuta mama wa kibanda, muite aunty. Mwanamume mzima wa Kichina uncle. Mmalay wa rika la kaka yako abang, wa dada yako kakak. Salamu yao ni apa khabar, na hapo utasikia habari yetu ndani yake, maana wao na sisi tumelichota neno hilo kwa Waarabu. Jibu ni khabar baik, nzuri. Terima kasih ni asante. Sedap ni tamu, na ukilisema hilo kwa mpishi baada ya kula, kesho atakutambua. Ukitaka kubeba nyumbani sema bungkus, nifungie. Kwa Wachina ni tapau. Hata chai watakufungia kwenye mfuko wa plastiki wenye kamba na mrija.

Jumamosi hii fanyeni hivi: saa moja asubuhi wewe shuka kopitiam, agiza cham na mkate wa kaya, tazama vibanda vyote bila kununua kitu kingine. Saa tatu mkutane na mwenzako kwa Mmalay anayeuza nasi lemak kwenye meza ya barabarani, kila mtu na kifurushi chake. Na mwambie akipita kwa muuza matunda msimu ukiwa umefika, aangalie fungu la matunda mekundu yenye nywele. Watamwambia ni rambutan. Yeye atajua ni shokishoki.